Bata Watatu na Koti Jeupe

Katika kriketi, mpigaji akitolewa bila kupata hata mkimbio mmoja, yaani alama moja, husemwa amepata bata. Sifuri iliyoandikwa daftarini ilifananishwa na yai la bata. Yai likasahaulika, bata akabaki. Akitolewa kwa mpira wake wa kwanza, bata huyo ni wa dhahabu. Akitolewa bila kukabili hata mpira mmoja, ni wa almasi. Msimu uliopita niliwafuga wote watatu. Wawili wa kwanza nitawasimulia haraka haraka, maana bata wa aina hiyo kila mtu anao. Huyu wa almasi ndiye niliyemlea kwa mikono yangu mwenyewe, na ndiye aliyenifanya nisipokee simu ya Nahodha kwa wiki tatu.

Msidhani mimi ni mchezaji. Timu ya kriketi ni watu 11. Klabu yetu Jumatatu huwa na watu 15, Jumatano 13, na ikifika Ijumaa usiku wamebaki tisa: mmoja ana harusi, mwingine mgongo, mwingine hapatikani kabisa. Hapo ndipo simu yangu hulia.

"Kaka, kesho una shughuli?" Nahodha huuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kukopa.

Sijui kupiga, sijui kurusha, na mpira ukipaa kuja kwangu mimi hufumba macho. Na ule si mpira wa kuchezea: kizibo ndani, ngozi nje, gramu kati ya 156 na 163, na ukikupata mfupani unakumbuka majina ya mababu. Lakini nina suruali nyeupe na huwa sina pa kwenda. Kwenye orodha ya wapigaji mimi ni wa 11, yaani wa mwisho. Mpigaji wa 11 ni kama tairi la akiba: kila mtu anafurahi kwamba lipo, na kila mtu anaomba lisihitajike.

Bata wa kwanza nilimpata kwenye mechi ya pili. Niliambiwa niutazame mpira tu, mengine yatajipa. Niliutazama. Mpira wa tatu nao ukanitazama, ukaona mlango kati ya kigongo na mguu wangu, ukapita bila hodi. Vijiti vitatu vya nyuma yangu vikalala, na vikilala umetoka.

Wa dhahabu alikuja mechi ya sita. Mrushaji alikuwa jitu ambalo mbio zake zilianzia karibu na maegesho. Alipoachia mpira mimi nilikuwa nimesharudi nyuma hatua moja, halafu ya pili, halafu nikasikia kitu kinavunjika chini yangu. Mpira haukunigusa. Haukugusa kigongo, wala haukugusa vijiti. Mimi ndiye niliyevikalia. Jitu lile lilikuja kuniinua na kuniomba radhi, na nilidhani hapo yamekwisha, kumbe kwa mujibu wa sheria wiketi ya namna hiyo, yaani kumtoa mpigaji, anaandikiwa mrushaji, hata kama kazi yote umeifanya wewe kwa makalio yako. Nililiona jambo hilo si la haki. Mzee wa daftari, ambaye huandika alama zetu kwa penseli mbili na miwani moja yenye mkono mmoja, akaniambia, "Kijana, siku moja utaipata wiketi yako." Nikacheka.

Sasa, koti.

Kwa klabu kama yetu hakuna waamuzi wa kuletwa. Upande unaopiga hutoa watu wawili miongoni mwa wale wanaosubiri zamu, wakavaa makoti meupe na kuwaamua wenzao wenyewe. Utaratibu huu umewahi kuvunja urafiki mwingi kuliko madeni. Kwa kuwa wa 11 ndiye husubiri kuliko wote, koti likawa kama langu. Lilikuwa limeshonewa mtu mwenye mabega ya mlango, likinifika chini ya magoti. Mfukoni mlikuwa na vitu viwili: saa kuukuu, na mawe sita madogo. Kila mpira ukirushwa, unahamisha jiwe moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Kushoto kukiisha, ova, yaani mipira sita ya mrushaji mmoja, imekwisha. Mtoto wa chekechea anaweza, na nadhani angefanya vizuri zaidi.

Mechi ya mwisho ya msimu, wapinzani walipiga kwanza wakapata mikimbio 131. Tukahitaji 132. Sitawachosha na safari yote. Itoshe kusema kwamba jioni ilipokaribia tulikuwa na 128, wiketi saba zimekwenda, na ova zilibaki za kumwaga. Upande mmoja alikuwa Mwalimu, anayepiga kama anavyosahihisha madaftari, taratibu na bila huruma. Upande wa pili alikuwa Nahodha mwenyewe, na alikuwa na 46. Hesabu inajifanya yenyewe: minne ya kushinda, na minne hiyo hiyo ya kufika 50, ambayo hakuwa ameifikisha msimu mzima na alikuwa ametutajia jambo hilo mara moja moja, kama kila nusu saa.

Mimi nilikuwa mwamuzi upande wa mrushaji. Kule pembeni, na koti la pili, alikuwa daktari wetu wa meno.

Mpira wa nne wa ova ile, Nahodha alitaka kumaliza kazi kwa pigo moja. Akapiga goti, akazungusha kigongo, akaukosa. Mpira ukamgonga kwenye pedi, kikinga cha mguu, mguu wenyewe ukiwa mbele ya vijiti vyote vitatu. Nimesikia watu wakibishana kuhusu mguu mbele ya wiketi, yaani kuzuia kwa mguu mpira ambao ungeviangusha vijiti, mpaka giza likaingia. Huu haukuwa na ubishi. Kijiti cha kati kilikuwa kimeshaanza kusoma dua.

"Hauzaaat!" walipiga kelele watu 11, wakinidai niseme ametoka.

Naapa sikukusudia. Kidole, ambacho mwamuzi akikinyanyua mpigaji ametoka, kilipanda chenyewe. Nilikiona kimesimama mbele ya uso wangu, nikashangaa ni cha nani.

Nahodha alikitazama kidole, akanitazama mimi, akakitazama kidole tena. Hakusema neno. Akaanza kutembea kwenda bandani, mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Mkononi nilikuwa bado nimeshika jiwe la mpira ule. Nikalitia mfukoni huku macho yangu yakimsindikiza.

Mtu mwenye akili angeomba kubadilishwa palepale. Wiketi nane zimekwenda, wa kumi anaingia, anayefuata ni wa 11. Niliwapungia mkono wenzangu bandani. Hakuna aliyenyanyuka. Walikuwa wanamwona Nahodha anakuja, na kila mmoja aliamua huo ndio wakati wa kufunga kamba za viatu.

Wa kumi alikuwa kijana wa chuo, mrefu, miguu ya korongo. Akazuia mpira mmoja vizuri. Akazuia wa pili. Wa tatu ukamzidi, ukang'oa kijiti cha kando. Kwa mazoea ya kazi nikatazama saa: saa kumi na dakika 41. Nikapapasa mfuko wa kushoto, mtupu. "Ova!" nikatangaza, nikiwa nimeridhika kabisa na utendaji wangu.

Kimya. Watu wote uwanjani walikuwa wananitazama.

"Ndugu mwamuzi," akasema Mwalimu kwa upole, "anayefuata ni wewe."

Sheria inampa mpigaji mpya dakika tatu. Ndani ya dakika hizo awe amefika na mchezo uweze kuendelea. Zikipita na wapinzani wakidai, ametoka. Dakika tatu ni nyingi sana kwa mtu aliyeshavaa. Mimi nilikuwa na koti.

Kijana akajitolea kunivulia pedi zake palepale. Tulizijaribu mguu mmoja. Zilinifika kiunoni, nikawa siwezi kupiga hatua. Nikazitupa, nikakimbia hadi bandani. Pedi nyingine zilizobaki zilikuwa miguuni mwa Nahodha. Alikuwa ameketi na helmeti yake bado kichwani, anatazama ukuta.

"Nahodha, pedi."

"Ngoja nipumue."

"Nahodha, ni dakika tatu!"

"Ulipokuwa unanyanyua kidole ulikuwa na haraka hivi?"

Wenzangu wakamshika miguu na kumvua kwa nguvu, yeye akiwa amekaa vilevile kama sultani anayevuliwa viatu. Pedi ya kulia ikaenda mguu wa kushoto. Glavu zikaja. Halafu kile kikinga cha plastiki kinachokaa pale ambapo mwanamume hapendi mpira umfikie. Hicho peke yake kilinila muda ambao sithubutu kuutaja. Wapo wanaosema ningekiacha. Hao hawakuwa wamesimama nyuma ya mrushaji yule ova nzima wakimwona anavyorusha.

Nikatoka mbio. Koti lilikuwa bado mwilini, mikia yake ikipepea nyuma kama daktari anayekimbilia ajali. Na hapa ndipo penye kuuma zaidi: ova ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mpira unaofuata angeukabili Mwalimu. Sikutakiwa kupiga kitu. Nilitakiwa kusimama tu, kazi ambayo nguzo huiweza.

Nilipofika, nahodha wa wapinzani alikuwa amekunja mikono. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, jambo ambalo wakati mwingine ni baya zaidi.

"Daktari," akauliza, "zimeshapita?"

Daktari wa meno akapapasa koti lake, halafu akakumbuka. Saa ilikuwa moja tu uwanjani, na ilikuwa mfukoni mwangu.

"Ndugu," akaniambia, "hebu tusomee."

Ningeweza kusema chochote. Hakuna aliyekuwa na namna ya kunipinga. Lakini koti lile lina uchawi. Ukilivaa mdomo unajiendesha. Nikavua glavu kwa meno, nikaitoa saa, nikaisogeza karibu na wavu wa helmeti, na nikasikia sauti yangu ikitangaza: "Dakika tatu na sekunde ishirini."

"Hauzat?" akauliza nahodha wa wapinzani, karibu kwa unyenyekevu.

Nikamtazama Daktari. Daktari akatazama mawingu. "Mimi kazi yangu ni kung'oa meno," akasema. "Wenzangu siwang'oi. Mwenye saa aamue."

Kitabu cha sheria hakisemi hivyo. Ova ilikuwa imekwisha, upande wa mrushaji sasa ulikuwa wake, na uamuzi ulikuwa wake yeye. Hilo nimelijua saa saba usiku nikiwa kitandani na kitabu. Pale uwanjani nilijua kitu kimoja tu: watu wananisubiri. Nikarudisha glavu mkononi, sijui kwa nini, labda kwa heshima. Nikaunyanyua mkono. Kidole kinene cha glavu kikasimama juu, na nikajitoa.

Wapigaji waliisha. Tulishindwa kwa mikimbio mitatu.

Usiku huo huo niligundua kwamba sikuwa peke yangu. Mwaka 1997 Hemulal Yadav wa Tripura, India, alitolewa hivyo akiwa ukingoni mwa uwanja anazungumza na meneja wa timu yake. Mwaka 2002 Vasbert Drakes alitolewa kwenye mechi iliyochezwa Afrika Kusini akiwa bado angani, ndege yake imechelewa. Na kwenye Kombe la Dunia la 2023, Angelo Mathews wa Sri Lanka alikatikiwa kamba ya helmeti, Bangladesh wakadai, akawa wa kwanza kutolewa kwa kuchelewa katika kriketi ya kimataifa. Yeye alikuwa na dakika mbili tu. Nilijisikia nafuu kidogo mpaka nilipotafuta ni nani kati yao aliyejihukumu mwenyewe.

Lakini hayo ni ya usiku. Jioni ile bado kulikuwa na daftari.

Tuliketi bandani bila kusemeshana. Nahodha alikuwa amebaki na soksi. Mzee wa daftari alikuwa anajumlisha, midomo ikichezacheza, halafu akasimama, akarudi nyuma na penseli, akahesabu tena.

"Ova ile ya mwisho," akasema. "Mimi hapa nina mipira saba."

"Haiwezekani," nikasema. "Nilihesabu kwa mawe."

"Nahodha katolewa mpira wa nne. Kijana kazuia wa tano, kazuia wa sita." Akainua miwani. "Katolewa wa saba."

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa kulia, nikatoa mawe, nikayapanga kwenye benchi. Sita. Yalikuwa sita kweli, ila nilishakumbuka lile jiwe lililokuwa mkononi nilipomnyanyulia Nahodha kidole, na mfuko nilimolitia bila kutazama. Nilikuwa nimelirudisha kushoto. Nikalihesabu mara mbili.

Kijana wa chuo alinyanyua kichwa polepole. "Kwa hiyo mimi nimetolewa na mpira ambao haukuwepo?"

"Ulikuwepo," akasema Mzee. "Mwamuzi akikosea hesabu, ova inabaki kama alivyoihesabu. Ndiyo sheria."

Hakuna aliyenigusa. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa bado na pedi.

Mzee akalamba ncha ya penseli, akafika kwenye mstari wangu. Mikimbio: sifuri. Mipira: sifuri. Namna ya kutoka: kuchelewa. Akasita kwenye safu ya mrushaji.

"Hii haiandikiwi mrushaji yeyote," akasema. "Niache wazi?"

Nahodha alizungumza kwa mara ya kwanza tangu bandani tulipomvua pedi. "Usiache wazi. Mwandikie aliyemtoa."

Mzee akanitazama juu ya miwani, akatabasamu, akaandika jina langu taratibu, kwa herufi kubwa. Ndiyo wiketi pekee niliyopata msimu mzima.