Nalubaale kuendeshwa kutoka Kampala? Lisiwe bwawa la kwanza

Bwawa la umeme la Nalubaale pale Jinja, Uganda, lilifunguliwa mwaka 1954, wakati huo likiitwa Owen Falls. Lina mitambo 10, na ukarabati ulipandisha uwezo wake kutoka megawati 150 hadi 180. Machi 2023 mkataba wa miaka 20 wa Eskom, kampuni ya Afrika Kusini iliyokuwa ikiliendesha, ulikwisha, na bwawa hilo pamoja na jirani yake Kiira yakarudi mikononi mwa kampuni ya serikali, UEGCL, ambayo pia inasimamia Isimba na Karuma. Mwenye mabwawa manne kwenye mto mmoja, Nile, hakawii kujiuliza: kwa nini kila bwawa liwe na chumba chake cha udhibiti na mafundi wa zamu usiku kucha? Kwa nini yote yasiendeshwe kutoka chumba kimoja Kampala?

Swali ni halali. Norwei, nchi inayopata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka kwenye maji, vituo vingi havina mtu kabisa. Vinawashwa na kuzimwa na mtu aliyekaa mbali. Na mto wetu unaipa hoja hiyo nguvu zaidi. Maji yanayopita Jinja ndiyo yanayofika bwawa la Bujagali, kisha Isimba, halafu Ziwa Kyoga na hatimaye Karuma. Anayefungua lango juu anaamua hali ya wote walio chini yake. Mtu mmoja akiyaona mabwawa yote kwenye skrini moja, atayapanga maji vizuri kuliko watu watano wanaopigiana simu. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande huo, ingawa Bujagali ina mwenyewe mwingine na italazimu mazungumzo.

Ajabu ni kwamba wanaoshabikia jambo hili hutanguliza mishahara. Hapo hatuelewani. Norwei mtu wa zamu ya usiku ni ghali. Hapa kwetu fundi analipwa kwa shilingi, lakini sensa (vifaa vya kupima hali ya mitambo), leseni za programu na mkataba wa kuzihudumia hulipwa kwa dola, kila mwaka. Kumwondoa fundi ili kupata hela za vitu hivyo ni kuuza ng'ombe ununue kamba.

Hoja ya usalama ina uzito kuliko hiyo ya mishahara. Tarehe 17 Agosti 2009, kwenye bwawa la Sayano-Shushenskaya huko Urusi, turbini (mtambo unaozungushwa na maji) iliyokuwa ikitetemeka kupita kiasi ilichomoka mahali pake, maji yakavamia ukumbi wa mitambo, na watu 75 wakafa. Ukumbi wenye watu wachache ungeua wachache. Lakini mkasa huohuo una upande wa pili: umeme ulikatika bwawani, vifaa vya kufunga maji vyenyewe havikufanya kazi, na waliookoa bwawa ni wafanyakazi waliopanda juu wakafunga malango kwa mikono yao.

Turudi Jinja, maana Nalubaale si bwawa la kawaida. Zege la jengo lake la mitambo lina ugonjwa: mawe yaliyochanganywa humo humenyuka na alkali ya saruji, na zege linavimba polepole mwaka hadi mwaka. Likivimba linapasuka, na vyuma vilivyofungwa ndani yake vinasogea nalo. Shafti iliyosimama wima huanza kuegemea, na upenyo kati ya mapanga ya turbini na ukuta unaoyazunguka hupungua. Fundi anayejua kazi akipita kwenye mtambo wa namna hii huweka kiganja juu ya kifuniko cha beringi. Hukandamiza ncha ya bisibisi kwenye chuma, akaweka sikio kwenye mpini. Hutazama kama doa la oili la jana limekua, na kama ufa ukutani umeanza kutoa maji. Yote hayo yanaweza kupimwa na sensa, na sensa haisinzii saa tisa usiku. Ila sensa hupima kile tu ulichoamua kukipima siku ulipoifunga.

Na yenyewe inaweza kuchomoka. Kituo cha umeme cha Taum Sauk, Missouri, Marekani, kilianza kazi mwaka 1963, na hifadhi yake ya maji juu ya mlima ilikuwa ikiendeshwa kutoka mbali. Mabomba yaliyoshika vipima maji yalilegea, hivyo skrini ikaonyesha maji yako chini kuliko yalivyokuwa. Alfajiri ya tarehe 14 Desemba 2005 pampu ziliendelea kusukuma, maji yakafurika, ukuta ukabomoka, na zaidi ya lita bilioni 4 zikashuka mlimani. Familia moja iliyokuwa ikiishi bondeni ilisombwa, ikanusurika. Mtu mmoja mwenye tochi angeyaona maji yakimwagika.

Hata hivyo, tusiwapambe walioko bwawani. Aprili 2020, Ziwa Victoria lilipokuwa limejaa, kisiwa cha magugu kinachoelea kilisogea hadi Jinja kikaziba njia za maji ya mitambo, na nchi nzima ikawa gizani. Watu walikuwepo. Agosti 2022 jengo la mitambo la Isimba lilifurika maji na megawati zote 183 zikazimika, tukaonja mgao wa umeme. Watu walikuwepo pia, na bwawa lenyewe lilikuwa la juzi tu. Anayesema kuwepo kwa watu kunatosha hana jibu kwa mikasa hii miwili.

Tofauti iko baada ya ajali, katika nani anafika na kwa muda gani. Desemba 2015 wadukuzi waliingia kwenye mitambo ya umeme ya Ukraine, wakafungua swichi kutoka mbali, na wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme. Ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walipanda magari wakaenda kufunga swichi kwa mkono. Sasa mweke fundi huyo Kampala. Hadi Jinja ni kilomita 80 hivi, Mukono kuna foleni, Lugazi kuna foleni, na lori likianguka katikati ya msitu wa Mabira, hafiki leo. Tena faiba, waya wa mawasiliano unaobeba amri za gridi yetu, imo ndani ya waya wa kukinga radi, juu ya nguzo zilezile ambazo wezi wa vyuma wamekuwa wakizikata miguu. Nguzo ikianguka, umeme na amri vinaweza kupotea pamoja.

Kwa hiyo ningeanza na vituo vya kupooza umeme, ambako kazi kubwa ni kufungua na kufunga swichi. Kisha Karuma na Isimba, ambako sensa zilikuja na mitambo. Nalubaale ningeifunga vipimo vya mtetemo na vya nyufa mapema iwezekanavyo, na Kampala ivione. Lakini ningewaacha watu wa zamu, wenye uwezo wa kufunga maji bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote, na chini ya kila mmoja ningeweka kijana wa kujifunza. Mafundi wanaoujua mtambo kwa mlio wake wanastaafu, na hakuna kozi inayofundisha mlio wa Nalubaale.