Dirisha la Zephyr Halifunguki

Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Chicago, na likizo iliyopita niliamua kupanda California Zephyr, treni inayoondoka hapa kila siku kuelekea Emeryville, jirani na San Francisco, mwendo wa kilomita 3,900 hivi na zaidi ya saa 50. Mwenye haraka hupanda ndege. Waliomo humu wamelipia kukawia. Liko behewa la vioo hadi karibu na paa, ambamo abiria hukaa kutwa wakiitazama Milima ya Rocky na Mto Colorado, na mgahawani mhudumu hukukalisha meza moja na watu usiowajua.

Mimi nilikalishwa na mzee mmoja na mkewe, na yule bibi akaniuliza kama kwetu zipo treni za namna hii. Nikamsimulia Mukuba, ile treni ya Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, itokayo Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860. Nilimweleza hasa Mlimba, stesheni ya bonde la Kilombero, mahali ambapo treni haijasimama vizuri, mkungu wa ndizi umeshaingia dirishani, na mama aliye chini anakutajia bei huku akimpokea mwenzako noti.

Dirisha la Zephyr halifunguki. Nilivuka majimbo saba bila mtu wa njiani kuniuzia hata karanga. Sisemi ya kwetu ni bora, maana choo chenye maji usiku kucha ni neema, ingawa hata huku treni ya abiria huchelewa ikipisha ya mizigo, kwa kuwa sehemu kubwa ya reli ni mali ya kampuni za mizigo. Ninachopinga ni Watanzania wenzangu wa huku wanaoiita Mukuba masalia ya kizamani, kana kwamba mkulima wa Kilombero naye hupanda kutazama milima.

Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, ninajivunia, lakini nayo madirisha yake hayafunguki. Wachuuzi wapewe nafasi rasmi stesheni, na treni isimame muda wa kutosha mtu kununua.

Yule bibi aliuliza: treni ikiondoka kabla hujarudishiwa chenji? Nikamjibu kwamba muuzaji hukimbia nayo sambamba, na mara nyingi chenji hufika.