Miche imepandwa wapi?

Habari moja yenye picha inasifia maelfu ya miche ya mikoko iliyopandwa kwa siku moja, ila haisemi imepandwa wapi. Tazameni picha yenyewe: tope tupu, mistari iliyonyooka kama shamba la mahindi, aina moja tu ya mkoko. Kila aina ya mkoko ina mahali pake. Pale mbele baharini ni mahali pa mlilana. Mchu, aina nyingine, huvumilia hata chumvi kali ya kule nyuma, upande wa nchi kavu (lamba jani lake uonje chumvi). Mche ukizama saa nyingi mno, mizizi hukosa hewa, mche hufa, basi. Mara nyingi ukibomoa tu tuta lililoziba mkondo, bamvua (maji makuu ya bahari) huleta mbegu yenyewe, bila koleo wala fulana za kampeni. Mwandishi wa habari hiyo arudi baada ya miaka 3, ahesabu miche iliyo hai.