Aliyeshika probu ndiye aliyeona: nani asaini majibu ya altrasaundi?

Jumamosi moja mchana nilimsindikiza mdogo wangu kwenye kituo kimoja cha afya cha binafsi, upande wa Temeke. Alikuwa na mimba ya wiki saba kwa hesabu ya hedhi yake ya mwisho, na tangu alfajiri tumbo lilikuwa linamkata upande wa kulia. Akaingia chumba cha altrasaundi, nikabaki kwenye benchi. Zilipita kama dakika ishirini. Mlango ulipofunguliwa, kijana aliyempima hakutoka na bahasha. Nilimsikia akimuuliza, "Dada, umekuja na nani?" Nikasimama. Akanisogeza pembeni, glavu bado ina jeli, akaniambia kwa sauti ya chini: "Kaka, msirudi nyumbani. Nendeni hospitali kubwa sasa hivi." Nikaomba majibu niende nayo. Akasema majibu husainiwa na daktari, na daktari anakuja Jumatatu.

Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, na damu inavujia tumboni. Tulikoelekezwa tulifika mikono mitupu, kwa hiyo wakaanza upya: fomu, foleni, jeli, probu (kile kifaa cha mkononi kinachosogezwa mwilini). Alifanyiwa upasuaji usiku ule ule, na leo ni mzima. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufuatilia mjadala ambao zamani ningeuona ni wa watu wa hospitali peke yao: mteknolojia, yaani mtaalamu asiye daktari anayeendesha mashine na kumpima mgonjwa, aandike majibu na kuyasaini, au kazi yake iishie kwenye picha, daktari ndiye aandike? Hapa Dar es Salaam utakuta kituo ambacho mteknolojia anaandika kila kitu, na mtaa wa pili kituo ambacho haruhusiwi kumwambia mgonjwa hata neno moja.

Wanaotaka saini ya daktari si watu wa kubeza, nitawafikia. Lakini naona upande wa mteknolojia haujaeleweka, na kutoeleweka kwenyewe kunaanzia kwenye lugha yetu. Tunasema "kupiga picha". Tunamwita "mtu wa mionzi", ingawa altrasaundi haina mionzi yoyote. Ni sauti tu, ya juu kuliko sikio linavyoweza kusikia: sikio la binadamu huishia kilohezi 20, mashine hizi hufanya kazi kwenye megahezi 2 hadi 15 au zaidi. Na ukishasema "picha", mtu anafikiria eksirei, ambapo filamu inatoka na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuisoma kesho, hata akiwa mji mwingine, akaona kile kile.

Altrasaundi haiko hivyo. Probu hurusha ukanda mwembamba wa sauti, kama ncha ya kisu kinachokata mkate, na kinachoonekana kwenye skrini ni kile kipande kilichokatwa wakati huo. Mkono ukiinama kidogo, kipande kingine. Kwa dakika kumi na tano vipande vinapita kwa maelfu, na mteknolojia anagandisha sita au kumi vya kuhifadhi. Asichokitafuta hakimo. Daktari anayekuja Jumatatu anasoma alichochaguliwa na mwenzake, kisha anaweka saini kama aliyeona tumbo zima.

Chukua mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mgonjwa amefunga kula tangu usiku ili mfuko ujae. Kwenye skrini kunaonekana kitu cheupe ndani yake. Ni jiwe, au ni kinyama kilichoota kwenye ukuta? Mteknolojia anatazama kama nyuma yake kuna kivuli cheusi, kisha anamwambia mgonjwa, "Mama, lala ubavu wa kushoto, vuta pumzi, shikilia." Jiwe huviringika, kinyama hubaki pale pale. Huo ni uchunguzi wa ugonjwa, na umefanywa na aliyemgeuza mgonjwa. Vivyo hivyo kwa tumbo lenye gesi inayoficha kongosho, au mtu mnene ambaye inabidi ubadilishe probu uchukue ya mawimbi ya chini ili sauti izame. Maamuzi hayo yote yamefanyika kabla hata daktari hajafungua faili.

Nije sasa kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote: milimita 7.

Mama mwenye mimba changa anatokwa damu. Anapimwa kwa njia ya uke. Kiinitete, yaani mtoto katika hatua yake ya kwanza, kinaonekana, mapigo ya moyo hayaonekani. Je, mimba imeharibika? Uingereza iliongeza masharti yake mwaka 2011, na leo nchi nyingi zinafuata kipimo hicho hicho: usiseme mimba imekufa mpaka kiinitete kiwe na urefu wa milimita 7 au zaidi bila mapigo, au kifuko cha mimba kiwe na wastani wa milimita 25 au zaidi bila kiinitete ndani. Chini ya hapo, mama arudi kupimwa tena baada ya angalau siku 7. Ikiwa alipimwa juu ya tumbo tu, asubiri angalau siku 14. Sasa fikiria urefu huo unapatikanaje. Mteknolojia anagandisha picha, anaweka nukta moja kichwani na nyingine matakoni, kwa kidole, kwenye kitu kisichozidi punje ya mchele. Wakati huo kiinitete hukua takriban milimita 1 kwa siku. Kidole kikiteleza milimita mbili, tano inakuwa saba, na mama anaambiwa akasafishwe kizazi huku mtoto alikuwa hajafikia tu siku ya moyo wake kuonekana. Kwenye picha iliyochapishwa nukta zipo, namba ipo. Lakini kama kiinitete kilikatwa mshazari, au kama ukingo wa kifuko umehesabiwa pamoja nacho, namba haitasema. Daktari atasaini 7.

Na hapa ndipo wanaopinga nao wanaposimama, kwa mfano huo huo. Wanasema: kama kosa ni rahisi kiasi hicho na madhara yake ni makubwa kiasi hicho, basi pawe na jicho la pili, na liwe la mtu aliyesomea magonjwa. Daktari bingwa wa radiolojia, yaani wa kusoma picha za ndani ya mwili, amesoma udaktari miaka mitano, akafanya mafunzo kazini mwaka mmoja, akaongeza ubingwa miaka mitatu au zaidi. Wateknolojia wengi hapa nchini wamepita diploma ya miaka mitatu, ambayo ndani yake altrasaundi ni sehemu tu, kwa kuwa hiyo hiyo diploma inabeba eksirei na mengine. Daktari akiona doa kwenye ini anakumbuka historia ya mgonjwa, vipimo vya damu, dawa anazotumia. Doa lile lile kwa mtu mmoja ni mishipa iliyojikusanya isiyo na madhara, kwa mwingine ni saratani iliyosambaa. Hoja hii ni ya kweli, na siipunguzi.

Kuna na ya pili, ambayo mkazi yeyote wa jiji hili anaijua kwa macho. Vibao vya altrasaundi vimejaa barabarani, kuanzia Mbagala hadi Manzese, vingine vikitangaza kuona sura ya mtoto. Mashine ni ndogo siku hizi, inaingia kwenye begi. Ukifungua mlango wa kusaini, wanasema, atasaini na yule aliyejifunza wiki chache kwa rafiki yake. Nakubali hatari ipo. Ila tuitazame vizuri: yule wa wiki chache anaandika majibu leo, bila ruhusa ya mtu. Anayefungwa mdomo na utaratibu huu ni yule aliyesoma, aliyesajiliwa, anayeheshimu kanuni. Sheria ya mwaka 2007 iliyoanzisha baraza la wataalamu wa radiolojia inataka usajili, na anayefanya kazi bila usajili anavunja sheria tayari. Kumnyima kalamu aliyesajiliwa hakumwondoi asiyesajiliwa barabarani.

Ninaposikia kwamba kusaini ni kazi ya daktari tangu mwanzo, hukumbuka ilivyoanza. Mwaka 1958, Ian Donald, daktari wa uzazi wa Glasgow, alichapisha matokeo ya kwanza makubwa ya kutazama uvimbe wa tumboni kwa sauti, kwa teknolojia iliyotokana na mashine za viwandani za kutafuta nyufa ndani ya chuma. Makala ile ilikuwa na majina matatu: madaktari wawili, yeye na John MacVicar, na Tom Brown, mhandisi aliyeiunda mashine. Mmoja wa wagonjwa alikuwa mama aliyedhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Altrasaundi ikaonyesha ni mfuko mkubwa wa maji kwenye ovari, ukatolewa. Jina la mtu wa mashine lilikuwepo kwenye karatasi tangu siku ile.

Hata nchi zenye fedha hazikubaliani. Uingereza mteknolojia wa altrasaundi huandika na kusaini majibu yake mwenyewe, na amefanya hivyo kwa miongo, ila kabla ya hapo amesoma kozi ya juu ya altrasaundi peke yake baada ya shahada ya kwanza. Marekani huandika alichoona kama maelezo ya awali, daktari akathibitisha. Nikizilinganisha, naona la Marekani linawezekana pale ambapo daktari yupo chumba cha jirani au kwenye mtandao saa hiyo hiyo. Kwetu mabingwa wa radiolojia ni wachache na wengi wao wako hapa hapa Dar, na hata hapa Dar, kama nilivyoonyesha, kuna Jumamosi.

Njia ya kazi yenyewe nayo imechangia kuuficha ujuzi wa mteknolojia. Kijana anamaliza kidato cha nne na fizikia, kemia na baiolojia nzuri, anasoma diploma, anaajiriwa Mteknolojia. Akitaka kupanda, anatafuta shahada, kisha ya uzamili kama atapata ufadhili. Lakini ngazi hizo nyingi zinampandisha kwa jumla, hazimpi ubobezi wa altrasaundi anayoifanya kila siku. Hivyo mwenye miaka kumi na tano ya kupima mimba na aliyeanza juzi wanakalia kiti kimoja, wanaandika karatasi moja, na karatasi hiyo haina jina la yeyote kati yao. Kiti chenyewe kinaumiza: mkono mmoja umenyooka ukikandamiza probu, shingo imegeukia skrini, wagonjwa thelathini kwa siku. Tafiti za nje zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi mno kati ya watu wa kazi hii hufanya kazi wakiwa na maumivu ya bega, shingo au kiwiko. Mwili unalipa gharama ya ustadi huo, na bado tunauita kubonyeza mashine.

Msimamo wangu ni huu. Mteknolojia aliyesajiliwa, mwenye mafunzo ya ziada ya altrasaundi yaliyotahiniwa, aandike na kusaini majibu ya kile alichokipima, kwa jina lake na namba yake ya usajili. Aanze na mimba na dharura: mimba iko wapi, moyo unapiga, kondo limekaa wapi, tumboni kuna damu au hakuna. Madoa ya ini, uvimbe wa ovari wenye kuta nene na mengineyo ya kutatiza yaende kwa bingwa, pamoja na maelezo ya mteknolojia na vipande vya video, si picha sita zilizoganda. Na sehemu ya kazi yake ipitiwe upya kila mwezi na mtu mwingine, ili milimita zile zipate jicho la pili ambalo madaktari wanalidai kwa haki. Kwa tangazo la mimba iliyoharibika ningeenda mbali zaidi ya wanaopinga: wapime watu wawili, wote wawili wasaini, na mmoja wao awe aliyeshika probu.

Gharama ipo. Kozi zitataka walimu, na atakayesaini ndiye atakayeulizwa mambo yakiharibika. Wateknolojia kadhaa niliozungumza nao wanaliogopa hilo, na mmoja aliniambia waziwazi kwamba saini ya daktari humpa usingizi. Ninamwelewa. Ila anayelala vizuri hapo ni yeye, si mgonjwa wa Jumamosi.

Ile karatasi ya mdogo wangu niliifuata Jumanne, kwa sababu bima waliitaka. Ilikuwa na maneno sahihi: kizazi hakina mimba, uvimbe upande wa kulia karibu na ovari, maji mengi tumboni, mgonjwa apelekwe haraka. Chini kulikuwa na saini ya daktari na tarehe ya Jumatatu. Wakati anaisaini, mdogo wangu alikuwa na nyuzi za siku mbili tumboni. Jina la yule kijana aliyeniambia tusirudi nyumbani nililitafuta mbele na nyuma ya karatasi. Halikuwepo.