Mama Aliye Hai Ndani ya Kitabu

Mwandishi Mmarekani mweusi Kiese Laymon alipotoa tawasifu yake, Heavy, mwaka 2018, mama yake alikuwa hai. Hilo ndilo linalonikaba kila ninapokirudia kitabu hicho. Kumwandika mama uliyekwisha kumzika ni jambo moja. Kumwandika anayeweza kukifungua na kujisoma ni jingine kabisa.

Mama huyo, mhadhiri wa sayansi ya siasa mjini Jackson, Mississippi, alimlea mwanawe kwa vitabu na kwa kipigo. Alimwandikisha insha, akamsahihisha, akamchapa. Alihofu kwamba kijana mweusi, tena mnene, akiteleza kidogo tu, Marekani ya wazungu ingemmaliza. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama huyu aliujua huo ulimwengu, akataka kuutangulia. Namwelewa. Lakini kumwelewa hakumpunguzii mtoto maumivu. Aliyabeba mwilini: akala hadi akapita kilo 140, kisha akajinyima chakula hadi akabaki karibu nusu yake. Ukubwani wote wawili wakazama katika kamari, wakifichana ukweli kuhusu fedha.

Kwetu mwana anayeandika haya angeambiwa anachezea radhi ya mama. Sitaki kulipuuza neno hilo. Mama hana kitabu chake cha kujibia, na si kila siri iliyomo ni ya mwana. Mwanamume aliyekuwa akimpiga mama huyo wa Laymon, kwa mfano: jeraha hilo ni la nani? Mtoto aliyekulia humo naye ni shahidi, sawa, ila aliyeumizwa hakuulizwa na msomaji kama yuko tayari kutazamwa.

Kinachonivuta upande wa mwana ni neno moja, “wewe”. Kitabu kizima anazungumza na mama. Hakwenda kumsema kwa majirani. Alimkalisha yeye kwanza. Mwanzoni kabisa anakiri kwamba alitamani kuandika uongo. Wala hajisafishi, kwani uongo wake na kamari yake vimo humo humo. Chuki haina subira hiyo. Na lugha ya kumwambia mama “uliniumiza” aliipata katika zile insha alizolazimishwa na mama huyohuyo.

Kwa hiyo naona alikuwa na haki ya kuandika. Kurasa za mama akipigwa, hata hivyo, bado nazisoma harakaharaka, kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha hodi.