Ramani sa hii zinazunguka kama dunia, je pale feri zitafunguka?

Mwaka 2025 sisi tunaotengeneza ramani za kwenye websaiti tuliletewa mambo mawili makubwa ndani ya miezi michache. Mwanzo wa mwaka MapLibre, laibrari huru ya kuchora ramani ndani ya brauza, ikatoa toleo la 5 lenye tufe, yaani ukiivuta ramani mbali inajikunja inakuwa dunia ya mviringo unaizungusha kwa kidole. Baadae Leaflet, laibrari nyengine ya kazi hio hio ambayo wengi tumeizoea, nayo ikatoa toleo la majaribio la 2.0, na hawa walikuwa hawajabadilisha namba ya mbele tangu 1.0 ya mwaka 2016. Tangu hapo kila nikikutana na mwenzangu wa kazi hii hapa Mombasa swali ni lile lile, tuhame Leaflet twende MapLibre au tukae? Nimekuwa nikijibu juu juu tu, na naona si vizuri, maanake wengine wanahama kwa sababu kitu kinameremeta na wengine wanagoma kwa sababu wamezoea, na anaeumia ni yule anaefungua ramani barabarani.

Tuanze na vigae, ndo hapo ugomvi wote ulipo. Ramani ya mtandaoni ya kizamani ni picha zilizokatwa mraba, pikseli 256 kwa 256, zinapangwa moja kando ya nyengine kama fundi anavyopanga vigae vya bafuni. Dunia nzima ikiwa mbali ni kigae kimoja, ukikaribia hatua moja kinakuwa vinne, kisha 16, na ukifika hatua ya 18 ambayo unaona nyumba moja moja dunia nzima inahitaji vigae zaidi ya bilioni 68. Seva inachora, simu kazi yake ni kubandika tu. Njia mpya ni vigae vya vekta, seva haitumi picha, inatuma nukta na mistari na majina halafu simu yenyewe inachora. Ndo maana MapLibre unaweza kuizungusha ramani na majina yakabaki wima, unabadilisha rangi usiku, unainua majengo yakasimama.

Na lugha! Hili kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote na halisemwi sana. Kwenye picha jina limeshachorwa, huligusi. Kwenye vekta jina ni maandishi, na OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayojazwa na watu wa kujitolea, ina nafasi ya kuandika jina la mahali kwa Kiswahili kando ya lile la kawaida, kwa hivyo nilibadilisha mstari mmoja tu kwenye staili, yaani maelekezo ya ramani ichorwe vipi, chukua jina la Kiswahili kama lipo, kama halipo chukua lolote lililopo. Bahari ikawa Bahari Hindi. Khalati yangu alikuwa kaketi pembeni anakuna nazi, nikampa simu aangalie, akaanza kuyasoma majina kwa sauti moja baada ya jengine na kunirekebisha pale palipokosewa. Miaka yote nimemuonyesha ramani zangu alikuwa akisema "nzuri mwanangu" na kunirudishia simu. Siku hio alikaa nayo mpaka mikono ya nazi ikachafua kioo chote.

Sasa upande wa pili. Simu ndo inachora, simu gani? Nilichukua ramani mbili za mji huu huu, moja ya Leaflet kwa picha na moja ya MapLibre kwa vekta na majengo yaliyosimama, nikaenda nazo kwenye feri ya Likoni upande wa kisiwani jioni watu wanapotoka kazini. Nikamuomba kijana wa tuktuk aifungue kwenye simu yake, ya bei ndogo, kioo kimepasuka pembeni, kumbukumbu imejaa. Ile ya Leaflet ilikuja vipande vipande, kigae hapa kigae pale, lakini kabla geti la feri halijafunguliwa alishaona anapotaka. Ile nyengine ilikaa nyeupe, ikakaa nyeupe, afu brauza ikajifunga. Akajaribu tena, ikafunguka, akaanza kuisogeza ikawa inakwama kwama na simu ikapata moto mkononi. Akanirudishia kwa heshima kabisa, "bro hii yako imeniishia chaji". Simu moja si utafiti, najua, lakini ile ni simu ya aina wanayobeba abiria wengi wa pale feri.

Wenzangu watetezi wa vekta watasema, na wana haki, kwamba niliilemea mwenyewe, mbona niliinua majengo, na vigae vya vekta mara nyingi ni vyepesi kuliko picha kwa hivyo bando linadumu zaidi ukishazunguka sana. Kweli. Lakini kuna mzigo wa mlangoni, Leaflet yenyewe ikibanwa ni kama KB 42 tu na MapLibre ni mara kadhaa ya hapo kabla hujaona hata barabara moja. Mtu anaekaa nusu saa akichambua ramani ofisini Moi Avenue atafaidika na vekta. Mtu anaefungua mara moja aone matatu ya Mtongwe inapandiwa wapi kisha afunge, huyo analipia mlango tu.

Halafu kuna mambo madogo ya kuhama yanayokula siku nzima. Leaflet unaipa latitudo kwanza, MapLibre inataka longitudo kwanza. Ukihamisha namba zako bila kugeuza, Mombasa inaondoka nusu ya dunia ya kusini, inaenda kutua Uhispania, karibu na Toledo. Nishaona ramani ya vituo vyote vya mji wetu imekaa huko kwenye mashamba ya watu na mwenye kazi ananipigia simu anauliza bahari imeenda wapi.

Suala la pesa na leseni nalo halikwepeki. MapLibre haikuzaliwa kwa raha. Disemba 2020 kampuni ya Mapbox walitoa toleo la 2 la laibrari yao ya ramani kwa leseni ya kufungwa, lazima tokeni, yaani ufunguo wa akaunti yako kwao, na kila ramani inapofunguliwa inahesabiwa, ndipo watu wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huru wakaliendeleza kwa jina jengine. Google nao mwaka 2018 walibadilisha bei na kutaka kadi ya benki hata kama matumizi yako ni kidogo, na Machi 2025 wakaondoa ile afueni ya dola 200 kwa mwezi wakaweka kiwango cha bure kwa kila huduma peke yake. Mimi mwenyewe nshawahi kukabidhi ramani kwa mteja mmoja mwenye nyumba za wageni, kampuni ya nje iliyokuwa ikituuzia vigae ikashindwa kukata kwenye kadi yake, ramani ikawa kijivu wiki nzima msimu wa wageni. Lakini wacha niseme na hili, muundo wa vigae vya vekta ambao MapLibre inautumia mpaka leo walioubuni ni hao hao Mapbox, kwa mishahara waliyoilipa wao. Kusema "wafungue kila kitu" ni rahisi kwa sie tusiolipa mshahara wa mtu.

Ndo maana katika mambo yote mapya lile lililonigusa ni PMTiles, na halimeremeti hata kidogo. Ni faili moja. Vigae vyote vya eneo lako viko ndani ya faili moja, unaiweka kwenye seva ya kawaida kabisa na brauza inaomba kipande inachotaka tu bila kushusha lote. Dunia nzima ni kama GB 120, lakini unaweza kukata Mombasa peke yake, kuanzia Mtwapa mpaka Likoni na Changamwe yote, ukapata faili ndogo kuliko video ya harusi mtu anayokutumia WhatsApp. Hakuna tokeni wala kadi. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini intaneti ikawa inatambaa? Nyaya zinatua hapa hapa kwetu Mombasa na bado tulikaa tunaangalia kurasa haziji, kwa sababu vitu vyetu viko seva za ng'ambo. Faili ikikaa kwenye seva iliyo Kenya ramani ya Mombasa haina haja ya kuvuka bahari kumfikia mtu wa Mombasa. Na haikulazimishi kuhama, inafanya kazi na MapLibre na pia na Leaflet.

Ubaya wake ni kwamba faili haijisasishi. Barabara mpya ikifunguliwa ni wewe uikate upya, ukisahau miezi sita ramani yako inadanganya watu, na vijiofisi vingi vinavyoagiza ramani havina mtu wa kukumbuka kazi hio.

Tufe je? Kwa ramani ya mji halina faida yoyote, ukishakaribia kiwango cha mji MapLibre yenyewe inairudisha ramani kuwa bapa, kwa hivyo abiria wa feri hataliona tufe hata siku moja. Lakini sikubaliani na wanaoliita mapambo tu. Ramani bapa tulizozoea zimejengwa juu ya hesabu ya Mercator ya mwaka 1569, ndani yake Greenland inaonekana inataka kulingana na Afrika na ukweli ni kwamba Afrika ni kubwa kama mara 14. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana na ramani hio. Mtoto wa darasa la tano hapa Mombasa anaeziona meli zikiingia Kilindini kila siku akionyeshwa kwenye tufe zinatoka wapi, ataona bara lake kwa ukubwa wake. Kwa kazi hio ningehama leo hii.

Na Leaflet 2.0? Wameacha kuihudumia Internet Explorer, brauza ya kizamani, wameandika upya kwa mtindo wa kisasa, ni usafi uliokuwa unahitajika. Ila plagini, vile vipande vya nyongeza vinavyoandikwa na watu wengine, ni nyingi na ndizo zilizoifanya Leaflet ipendwe, na nyingi ziliandikwa kwa mtindo wa zamani ambao toleo jipya limeuondoa. Ile ya kukusanya alama zikisongamana ikivunjika, pale Kongowea sokoni ramani yangu itakuwa rundo la alama juu ya alama. Basi ramani yangu ya vituo vya feri inabaki Leaflet ya zamani mpaka plagini zitengemae, chini yake naitoa picha naweka faili ya PMTiles iliyochorwa kwa wepesi, bila majengo yaliyosimama, na majina ya Kiswahili.

Kwa majina hayo ndo tumekwama, maanake mengi hayajaandikwa kwenye OpenStreetMap. Khalati alipoitafuta njia ya kwao Mji wa Kale alikuta mstari mtupu bila jina, na hilo hakuna toleo la 5 wala la 2 litakalolijaza. Jumamosi tunapita nae kichochoro kimoja kimoja, yeye anataja, mimi naandika.