Kilo 100 peke yako kwenye katamarani: A-Class au F16?

Mtu mzito akitaka kushindana peke yake kwenye katamarani, chombo cha tanga chenye mitumbwi miwili, huwa anapewa jibu moja tu, kapungue kwanza. Mi naona hilo jibu la kivivu, maana kwenye tanga mwili wako ndo farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, wale vijana wa mashua za mashindano Lamu wanaokaa nje juu ya ubao kuzuia chombo kisilale wanalijua hilo vizuri sana.

Tuanze na A-Class, katamarani ya mashindano ya mtu mmoja. Urefu mita 5.49, upana 2.30, tanga mita za mraba 13.94, na uzito wa chini kabisa kilo 75, yaani jamaa wa kilo 100 amekizidi chombo chenyewe. Upepo ukiwa mdogo umeumia, mitumbwi inazama zaidi, inaburuza maji, dogo wa kilo 70 anakupita anatabasamu, na spinaka (lile tanga kubwa la mbele la upepo wa nyuma) ya kujiokolea huna maana hairuhusiwi. Ila upepo ukikaza mambo yanageuka. Piga hesabu, ukining'inia nje kwenye trapizi (waya unaoshuka toka mlingotini) mwili wako uko kama mita 3.3 kutoka mtumbwi wa upande wa pili, kwahiyo kilo 100 zinakipa chombo kama robo zaidi ya nguvu ya kutolala ukilinganisha na mtu wa kilo 75, wakati uzito mzima umeongezeka moja ya sita tu. Mwenzako anahangaika kulegeza demani, kamba ya tanga, we umekaza unabisha, yaani unapanda kuelekea upepo. Na ukipinduka unakiinua mwenyewe bila kungoja boti ya uokoaji.

Kitu ambacho wengi hawaangalii ni mlingoti. Sheria za A-Class zinakuachia uchague mlingoti mgumu zaidi na tanga lililokatwa kuendana nao, sasa mtu ananunua mtumba uliokuwa wa mwembamba, mlingoti unapinda kama fimbo ya kuvulia, halafu analaumu tumbo lake.

F16, katamarani nyingine ya mashindano, ni fupi, mita 5, ila pana, 2.5, ina kilo kama 105 na spinaka ya mita za mraba 17.5. Imetengenezwa ibebe mtu mmoja au wawili, na mmoja anashindana na wawili hao hao moja kwa moja, wawili ambao mara nyingi kwa pamoja wana kilo 140 na zaidi, kwahiyo hapo ghafla we ndo mwepesi! Shida ni mikono. Usukani, demani, kamba ya spinaka, vyote vyako peke yako, na upepo mkali ukikusukuma kwa nyuma omo (pua ya chombo) ikichomeka kwenye wimbi unarushwa mbele kabla hujajua nini kimetokea.

Hobie 14, katamarani nyingine ndogo, sisemi sana, mita 4.27, mitumbwi myembamba isiyobeba mzigo, na haikupi nafasi ya kubadili mlingoti. Ni nzuri kwa kujifunza, kwa kushinda ukiwa na kilo 100 hapana.

Mi ningechukua F16, hasa kama maji yenu yana upepo wa wastani siku nyingi. Ila kama klabuni kwenu kuna A-Class kumi na F16 moja utashindana na nani, hapo kamata A-Class ya mtumba ya bei ndogo na hela inayobaki nunulia mlingoti mgumu.